Barua Ndefu za Januari

Mwaliko ulifika Akheri mwezi Machi mwaka 1996, ukasomwa kanisani kati ya matangazo ya ndoa na mnada wa ndizi. Usharika rafiki wa Ujerumani, ule ambao watu wake huja kila mwaka kupanda miti na kupiga picha, sasa ulitaka mtu mmoja wa Akheri aende kwao wiki nne. Haendi kusoma wala kuhubiri. Anakwenda kupumzika. Jina lilikwishaandikwa huko huko: Anyesi, mama yake Elisaria. Mwenyewe aliachiwa jambo moja tu, achague mwezi wa kwenda.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Wapo watu ambao ukiwaambia wachague, wanakuuliza wewe ungependa nini. Mama Elisaria si mmoja wao. Ukimwambia achague, atachagua, na ukija kujuta shauri yako.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, mjane wa miaka kumi na miwili, na mbali kabisa alikowahi kufika ni Moshi, kwenye mashindano ya kwaya. Watu walimjua kwa kahawa yake. Miaka hiyo soko lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda mlimani na magari yao wakibeba kahawa safi na chafu kwa pupa, na wakulima wengi wakaacha kuchambua. Anyesi hakuacha. Alikaa mbele ya meza yake ya kuanikia, ile ya fito na wavu, akachambua punje baada ya punje mpaka jua lilipomwacha. Aliyemcheka alijibiwa kwamba mnunuzi akitaka kuwa mjinga ni hiari yake, yeye hawezi kuwa mjinga ili amsindikize.

Ushauri wa safari ulimiminika bila kuombwa. Wa kwanza alikuwa mwanawe mkubwa, Elisaria, dereva wa watalii wa kampuni moja ya pale Arusha mjini. Jumapili alipanda kutoka kwake Moshono, akasalimia, akanywa chai, akajiweka sawa kitini.

"Mama, hili ndilo eneo langu. Nenda Julai. Kule ndiyo joto, jua halizami mpaka saa tatu usiku, watu wako nje wanakula aiskrimu. Hiyo ndiyo hai sizoni, msimu wenyewe."

"Na hao wazungu unaowaendesha wewe, wanakuja mwezi gani?"

"Julai na Agosti."

"Sasa kama wote wako huku ndani ya gari lako, mimi kule nitamkuta nani?"

Elisaria alicheka mpaka akamwaga chai. Alikuwa amewajibu wageni maswali ya kila aina, kuanzia umri wa kreta hadi mishahara ya simba, lakini hilo la mama yake hakuwahi kuulizwa. Alisema tu kwamba si wote wanaokuja, wengine hubaki.

Anyesi alijua kwamba si wote. Kwa kweli alikuwa anamuwaza mmoja tu.

Huyo alikuwa Sista Gerda, aliyefanya kazi hospitali ya misheni karibu miaka ishirini. Watoto wa nusu ya Akheri walipita mikononi mwake, akiwemo Elieshi, kitinda mimba wa Anyesi, aliyekuja duniani ametanguliza miguu. Kiswahili chake kilikuwa cha wodini, kimejaa amri. Alikusalimu kwa kukuuliza, "Unakunywa dawa?" Hata kama huumwi, ilibidi ujibu.

Lakini Anyesi hakumpenda kwa ajili ya uzazi tu. Mumewe alipofariki, watu walijaa nyumbani kama ilivyo desturi, wakapika, wakaimba, wakazika, kisha wakarudi kwenye mashamba yao. Wiki ya pili nyumba ikawa kubwa ghafla. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na Anyesi alikuwa amekaa jikoni bila moto. Akasikia hodi. Sista Gerda alikuwa amepanda kwa miguu kutoka hospitali, matope mpaka magotini. Hakusema pole. Aliwasha moto, akamenya ndizi, na akalala kwenye kitanda cha Elieshi siku tatu. Anyesi alipomuuliza nani alimwita, alijibu kwa ufupi, "Hakuna. Wiki ya pili ndiyo mbaya."

Gerda alistaafu mwaka 1986, akarudi kwao. Kila Julai alikuja na wageni wa usharika, akalala kwa Anyesi, akachuma naye kahawa za kwanza, mpaka mwaka 1992 magoti yake yalipokataa safari. Tangu hapo zilibaki barua tu. Sasa alikuwa na miaka sabini na minane, na Anyesi alijua kwamba safari ya namna hii mtu wa Akheri haipati mara mbili. Akikosea mwezi, amekosea kwa maisha yake yote.

Basi alasiri moja ya Aprili, mvua ya masika ikipiga bati na meza ya kuanikia ikiwa tupu chini ya baraza, alizitoa barua zote za miaka kumi akazimwaga mezani. Akafanya anachofanya siku zote. Alichambua. Za Januari huku, za Machi huku, za Julai kule.

Fungu la Julai lilikuwa jepesi. Kadi, na kadi nyingine, na nusu karatasi. "Jua zuri. Watu wengi. Jumamosi tunakwenda ziwani. Unakunywa dawa?" Za Machi zilikuwa na ukurasa mmoja au miwili. Fungu la Januari lilikuwa zito mkononi kama kahawa iliyokomaa vizuri. Kurasa tano, kurasa sita, zimeandikwa mbele na nyuma mpaka kwenye kingo, na zimejaa maswali. Ule mfereji bado unapita nyuma ya jiko? Yule kuku anayelala ndani ya kapu yupo? Asubuhi kilele cha Meru kinaonekana, au mawingu yanakificha? Mwaka uliofuata, mfereji tena, kuku tena, kilele tena. Anyesi alikuwa amemjibu habari ya mfereji mara sita.

Hajausahau mfereji, aliwaza. Krismasi imekwisha, wageni wamerudi makwao, na yeye anatafuta tu mtu wa kuongea naye habari za mfereji.

Alikaa pale na barua za Januari mapajani, akaona uchungu ambao hakuutarajia. Miaka kumi alikuwa akifurahia barua ndefu, akiwasomea wenzake wa kwaya, akiringa nazo. Kumbe alikuwa anafurahia njaa ya mwenzake. Palepale uamuzi ukawa umeshafanyika.

Ila hakumwambia mtu sababu. Mama yake alimlea na kanuni moja: ukijua kwa jirani hakujapikwa, hupiti njiani ukitangaza, unabeba mkungu wako unaingilia mlango wa nyuma. Wala humuulizi kama ana njaa, maana mtu mwenye heshima zake atakwambia ameshiba. Kwa hiyo hakuweza kuliambia baraza la wazee kwamba Sista Gerda ana upweke, na hakuweza kumwandikia Gerda kumuuliza aje lini. Gerda angejibu Julai, kwa sababu Julai ndiyo mtu mstaarabu hualika wageni.

Siku ya baraza walikuwepo Mchungaji Kisioki, mpole, na Mwalimu Yona, katibu, ambaye upole hakujaliwa. Hanna, mke wa mwinjilisti, alikuwa anamimina chai.

"Nimechagua Januari," Anyesi alisema.

Mwalimu Yona alivua miwani. "Mama Elisaria, Januari kule ni barafu. Watu hawatoki nje."

"Ndiyo maana nitawakuta."

"Barua yao imesema wazi, wanapendekeza Julai. Kuna tamasha la kwaya. Kuna boti. Kuna ngome ya zamani."

"Julai kahawa inaanza kuiva, Mwalimu. Januari inakuwa imekwisha."

"Kahawa!" Yona alimgeukia mchungaji kama shahidi. "Mtu anaitiwa Ulaya, yeye anaongea kahawa. Mama, nikuambie kwa heshima. Ukikataa mwezi wao, nafasi inaweza kwenda kwa mwingine. Hanna yuko tayari hata kesho."

Hanna aliinamia birika ili furaha isionekane, maskini, lakini chai ilifurika kikombe.

Tusimfanye Anyesi malaika: alikuwa anaitaka ile safari. Alitaka kupanda ndege, alitaka kuiona hiyo nchi aliyoisikia miaka thelathini, alitaka hata hiyo boti. Alikunja khanga yake, akaikunjua.

"Basi aende Hanna," alisema. "Mimi nikienda, naenda Januari."

"Sikio la kufa halisikii dawa," alinong'ona Yona, na akaandika.

Njiani kurudi, kwenye kivuko cha mfereji, Anyesi alisimama akalia kidogo, kisha akanawa uso kwa maji ya mfereji huohuo. Miezi miwili ikapita bila jibu. Watu wa Akheri wakasema kahawa imemla akili, wengine wakasema ni kiburi cha mjane anayejitegemea. Aliyasikia yote, maana kijijini hakuna siri ya masengenyo, na akaendelea kupalilia. Kusema neno moja tu kungemsafisha. Hakulisema.

Mwezi Juni Elisaria alipanda mbio na karatasi ya faksi, iliyotumwa ofisini kwao mjini.

"Wamekubali, Mama. Lakini wanashangaa. Wanasema tangu usharika wao uanze urafiki hakuna aliyewahi kuomba Januari. Hakuna tamasha, hakuna boti, ngome imefungwa. Utakaa kwa Sista Gerda tu. Wanauliza kama utaridhika."

"Hakuna kitu kabisa?"

"Hakuna."

"Vizuri," alisema Anyesi, na akaketi ghafla chini ya mgomba.

Hanna naye, niseme mapema ili msimhurumie bure, alialikwa Julai iliyofuata, na boti aliipanda.

Koti lilipatikana Arusha kwa Abasi, muuza mitumba karibu na stendi. Ilikuwa Desemba, joto linakausha koo, na Abasi alidhani hakusikia vizuri.

"Koti zito, Mama? Kwa jua hili?"

"Naenda Ulaya."

Abasi alizama kwenye robota mpaka kiunoni, akaibuka na koti la sufu la kijivu, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alilikung'uta kwa heshima. "Hili lina mwaka wa pili hapa, hata walinzi wa usiku wamelikimbia. Basi linarudi kwao. Lisalimie ndugu zake."

Sasa nifike kwenye kituko ambacho Elisaria anakisimulia mpaka leo. Siku ya safari, pale uwanja wa ndege wa KIA, alimkuta mama yake amevaa gauni, sweta na khanga mbili, na koti la Abasi amelikumbatia, limefungwa kamba kiunoni.

"Mama, vaa koti."

"Koti lina mtu."

Ndani yake kulikuwa na mkungu mdogo wa mshare, ndizi za kupikia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kila chana kimefungwa peke yake. Elisaria alishika kichwa. Alimweleza kwamba kule nje ni barafu, ataganda akingali mlangoni. Anyesi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ndizi ikipigwa na baridi inakuwa nyeusi, haifai tena," alisema. "Mtu akipigwa na baridi anatafuta moto."

Akapita nazo. Ofisa wa uwanja wa ugenini alilifungua koti, akatazama, akauliza. Anyesi alimjibu kwa Kiswahili, kwa kirefu, kuanzia mzazi aliyetoka kujifungua anavyopewa mtori hadi namna ya kuponda. Foleni nyuma ikarefuka, yule ofisa akalifunga koti mwenyewe, taratibu, akampa.

Nje ya mlango Gerda alikuwa amesimama na fimbo, mdogo kuliko alivyokuwa, kofia imemfunika masikio. Alimwona mwanamke ndani ya khanga, anatetemeka, amekumbatia fungu la kijivu kwa mikono miwili. Alilitazama kwa jicho la mkunga.

"Mama Elisaria!" alisema. "Umezaa tena?"

Walicheka mpaka watu wakageuka, na walipokumbatiana ndizi zilikuwa katikati.

Nyumba ya Gerda ilikuwa ghorofa ya tatu. Madirisha yamefungwa, saa kumi jioni giza limeingia, na saa ya ukutani ndiyo iliyokuwa ikiongea peke yake. Mezani palikuwa na viti viwili. Kimoja Gerda alikikalia. Cha pili kilikuwa na magazeti, na magazeti yalikuwa na vumbi. Gerda aliyaondoa haraka, akiomba radhi. Anyesi alijifanya anatazama dirishani, kwa sababu kile kiti kilimwambia kwa mara moja yote ambayo barua za kurasa sita hazikuwahi kusema.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe halikuwepo, kwa hiyo siku ya tatu Anyesi alichukua ufagio akafagia ngazi zote, kutoka ghorofa ya juu mpaka mlango wa barabarani, na kila aliyepita alimsalimu. Watu walishtuka. Waliishi chini ya paa moja miaka na miaka, wanajuana kwa viatu. Jioni akapika mtori. Kwa viazi na nyama alizozikuta kwa Gerda, na nusu ya zile mshare, sufuria ikajaa.

"Kingi mno," alisema Gerda. "Tuko wawili."

"Mtori haupikwi wa watu wawili. Chini anakaa nani?"

"Simjui. Bwana mmoja. Mkewe alifariki, nadhani."

"Lini?"

Gerda hakujua. Anyesi alijaza bakuli, akalifunika kwa kitambaa, akafungua mlango. "Twende. Mimi sijui Kijerumani, ni lazima uje useme."

"Magoti yangu, Mama Elisaria."

"Nitakushika."

Na hapo ndipo ninapomvulia kofia huyu mama. Wiki tatu mfululizo alijifanya hawezi kununua mkate, hawezi kusalimu mtoto, hawezi kurudisha bakuli, bila mkalimani. Gerda akanung'unika, akashuka ngazi, akapanda ngazi. Bwana wa chini alirudisha bakuli likiwa na biskuti. Mama mwenye mtoto, mlango wa mkabala, alikuja kuuliza ile harufu ni ya nini, akakaa mpaka saa mbili usiku. Theluji ilianguka, na Anyesi, aliyezoea baridi ya ukingo wa msitu, hakulivaa koti la Abasi hata siku tano.

Siku moja kabla ya kuondoka, wakiwa wanamenya viazi, Gerda aliuliza bila kuinua macho.

"Kwa nini Januari?"

"Kahawa ilikuwa imekwisha."

Gerda alimaliza kiazi chake. Alikuwa amekaa na watu wa kahawa miaka ishirini. "Hata Machi inakuwa imekwisha. Machi hapa kuna jua na maua. Ungechagua Machi."

Kisu cha Anyesi kikaendelea kutembea, kisha akakiweka chini.

"Sista," alisema, "wiki ya pili ndiyo mbaya."

Gerda aliiangalia mikono yake mwenyewe, ile iliyomenya ndizi kule Akheri. Akalia kwa sauti, mwanamke aliyekuwa hajalia mbele ya mgonjwa hata mmoja, na Anyesi alimwacha alie. Hakumwambia pole. Alimenya viazi vyote vilivyobaki.

Mwaka uliofuata mvua za El Nino zilikata barabara, na barua ya Januari ilifika Februari inaelekea kwisha. Elisaria aliileta ikiwa imelowa pembeni. Anyesi aliifuta mikono, akaipokea, akaipima kiganjani. Ilikuwa nyepesi. Akafikiria ugonjwa, akafikiria mwandiko wa mtu mwingine.

"Soma wewe," alimwambia mwanawe. "Soma haraka."

Elisaria aliifungua. Ilikuwa nusu karatasi, na mwandiko ulikuwa wa Gerda.

"'Mama Elisaria, leo sina nafasi. Bwana wa chini anagonga mlango, anataka nimfundishe mtori. Mtoto wa jirani naye yuko hapa, amelala kwenye koti uliloacha. Nimenunua kiti cha tatu. Unakunywa dawa? Gerda.'"

Aliigeuza nyuma, patupu. "Ndiyo hiyo tu? Baada ya gharama yote ile ya kwenda kwake, anakuandikia mistari minne? Mama, au mlikosana?"

Anyesi alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, khanga iko mdomoni.

"Soma tena," alisema.

Elisaria akasoma tena, taratibu, na bado haikumaliza muda wa kunywa kikombe cha chai. Mama yake aliichukua, akaingia ndani yalipo mafungu ya barua, akaiweka pamoja na za Julai.